Upande wa Chini

Usikiite mlima.
Ni nundu tu ya udongo juu ya mto Schelde,
mita tisini na kitu,
mgeni wa nchi za theluji angeivuka akimenya chungwa.
Lakini kijie kwa baiskeli asubuhi ya Machi,
upepo wa magharibi usoni,
mvua ya jana ingali imelala juu ya mawe,
ndipo utajua kwamba Hazenkouter hakipandwi;
kinaombwa ruhusa.

Baba yuko nyuma yangu,
kwenye baiskeli ya viti viwili niliyoazima kwa Roeland muuza mbegu.
Achiel, themanini na minne,
kofia ya sufu hadi kwenye nyusi.
Jana aliniita kwa jina la shangazi,
leo hajaniita chochote,
ila miguu yake inasukuma pedeli
kama iliyoachiwa maagizo.

Tumepita shayiri changa,
mierebi iliyokatwa vichwa, imesimama kando ya mtaro kama ngumi,
ng'ombe weupe wenye mapaja ya wanamieleka,
kikanisa kidogo kuliko choo cha stesheni,
ndani Bikira wa plasta na mshumaa wa betri.
Kisha lami ikaisha.

Aliyesema mwenda pole hajikwai
hakuendesha baiskeli huku.
Huku mwenda pole huanguka ubavu
juu ya vichwa vya watoto:
ndivyo tunavyoyaita mawe haya,
ya mviringo, yanateleza, yamebanana
kama darasa linalopigwa picha.

Tukaanguka.
Polepole, kwa adabu,
kama gunia linavyoegemezwa ukutani.
Nikageuka nikiwaza nyonga, nikiwaza hospitali.
Yeye amekaa katikati ya barabara, viganja chini,
anacheka bila sauti.

"Hapa," akasema. "Hapa nilipiga magoti."

Mwaka hakuujua.
Msimamizi aliitwa Odilon, alikuwa na kikohozi.
Walilipwa kwa mita.
Mchanga, jiwe, nyundo. Mchanga, jiwe, nyundo.
Goti la kushoto ndilo lililokufa kwanza.
Na jiwe moja, akasema,
kabla ya kulilaza alilichora kwa patasi
upande wa chini, upande unaotazama udongo:
herufi ya kwanza ya jina la Irma.
"Rahisi. Mstari mmoja. Odilon hakuona."

Mama hakuwahi kunisimulia.
Pengine naye hakuambiwa.

"Lipi, Baba?"
"Hili." Akalipapasa kama anayetafuta homa.
"Hapana. Lile."
Akatambaa, suruali ya Jumapili ikinywa matope.
"Lile lenye ufa. Au…
yalikuwa mengi," akasema,
akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeyaleta.

Kengele, makelele, "Kushoto! Kushoto!"
Vijana kumi na wawili wakatupita wakihema,
fulana zao zimetangaza kampuni ya zege,
magurudumu membamba yakitetemeka
juu ya mama yangu, mahali fulani.
Mmoja aliuliza kama tu wazima.
Jibu alilikuta limebaki nyuma.

Tukaisukuma baiskeli hadi juu.
Kuna benchi, na kinu cha upepo kisicho na mabawa.
Tukala mkate wa zabibu uliopondeka mfukoni.
Nikahesabu minara saba ya makanisa bondeni,
yeye akahesabu sita, hakukubali zaidi.
Mvua ilikuwa ikija kutoka Ufaransa,
tuliiona shamba kwa shamba.

Upande wa pili kuna lami, laini, mteremko hadi nyumbani.
Nikaielekeza baiskeli huko.
"Si huko," akasema.

Basi tukarudi kwa mawe, kwa miguu,
yeye ameshika tandiko, mimi breki.
Nilijikuta nakanyaga kwa ncha za vidole,
nikiruka lenye ufa,
kisha jirani yake, kisha lile la pembeni,
hadi pasiwe na pa kukanyaga.

Goti la kushoto lilikuwa likimuuma.
Alilisema hilo mara tatu,
kwa fahari.